Kantri inayopaa: kupata kilio cha gitaa la stili na fazi ukiwa na gitaa la kawaida tu

Kijana wa jirani yangu huimba kantri. Hapa Nakuru hilo halimshangazi mtu, maana Jim Reeves anasikika kwenye mazishi na harusi zetu kana kwamba alizaliwa Njoro. Kilichonishangaza ni wimbo alionichezea kwenye simu. Ulikuwa wa bendi ya The Flying Burrito Brothers, wa mwaka 1969, na gitaa lake la stili lilikuwa likilia kama king'ora kilichotumbukia kisimani. "Anko," akaniambia, "nataka sauti hiyo hiyo. Na tusinunue kitu."

Ilituchukua wikendi tatu. Mbili kati ya hizo zililiwa na tatizo moja tu, ambalo lingekwisha kwa robo saa kama ningelijua mapema. Ndiyo maana naandika. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kushika gitaa na kurekodi nyimbo mbilitatu nyumbani, kwa hiyo sitaeleza namna ya kuchomeka waya.

Hatua ya 1: Sikiliza, lakini usisikilize kila kitu

Mtindo huu, yaani kantri iliyochanganywa na saikedeliki (muziki wa sauti za kindoto), ulishika kasi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwanamuziki Gram Parsons, ambaye ndiye anayetajwa zaidi, aliuita muziki wa Kimarekani wa anga za mbali. Mwaka 1968 alikuwa na bendi ya The Byrds walipoirekodi albamu ya Sweetheart of the Rodeo, kisha akaondoka na kuwa mmoja wa waanzilishi wa Flying Burrito Brothers, na mwaka uliofuata wakatoa The Gilded Palace of Sin.

Angalizo: watu wengi hukimbilia Sweetheart of the Rodeo wakitafuta maajabu, kisha wanatoka mikono mitupu. Byrds walikuwa wametoka kwenye roki ya saikedeliki, lakini albamu ile yenyewe ni kantri safi, haina hata chembe ya moshi. Isikilize kwa ajili ya stili ya Lloyd Green na JayDee Maness, ujue stili isiyopitishwa kwenye kifaa chochote inaliaje. Ukimaliza, sikiliza Christine's Tune kwenye Gilded Palace. Hapo "Sneaky Pete" Kleinow amechukua stili na kuipitisha kwenye fazi, kifaa kinachokwaruza sauti mpaka inanguruma. Mzee huyo kazi yake nyingine ilikuwa kutengeneza picha za vikaragosi vinavyotembea kwa ajili ya filamu na televisheni, na mimi nikisikia anavyocheza naona vikaragosi kabisa.

Nyongeza mbili zinatosha. Some Velvet Morning ya Lee Hazlewood na Nancy Sinatra, 1967, usikie jinsi wimbo unavyoruka kutoka mdundo wa mapigo manne kwenda wa mapigo matatu kila Nancy anapoingia. Na Metamodern Sounds in Country Music ya Sturgill Simpson, 2014, ujue kwamba jambo hili halijafa.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya wazungu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimbia "Chemirocha", kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina hilo lilikuwa ni Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa kantri, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huko Bonde la Ufa. Kwa hiyo kantri na ndoto za ajabu zilikwisha kukutana huku kwetu kabla Gram Parsons hajafikisha miaka minne.

Hatua ya 2: Wimbo uwe wa kantri kwanza

Ukiuimba na gitaa kavu bila kifaa chochote, usimame. Usiposimama, mwangwi hautausimamisha.

Tulichagua D, mapigo 80 kwa dakika. Nasisitiza D kwa sababu uzi wa nne ulio wazi ni D, na ukiulegeza uzi mnene wa sita kutoka E hadi D unapata mngurumo wa chini ambao unaweza kuuacha ukinguruma wakati kodi zinabadilika juu yake. Kodi zenyewe ni tatu (hizi hazitozwi na serikali): D, G na A. Halafu kwenye daraja la wimbo tunaingiza C, ambayo si mwenyeji wa ufunguo wa D. Hiyo C peke yake, huku D ikiendelea kunguruma chini, ndiyo inayoinua miguu kutoka ardhini. Usiongeze kodi nyingine za ajabu. Nimewahi kusikia watu wakiweka kodi saba wakidhani ndiyo saikedeliki, kumbe wametengeneza jazi iliyochanganyikiwa.

Sasa maneno, maana hapa Kiswahili kina tabia yake. Mistari ya kantri ya Kiingereza mara nyingi huishia kwenye neno fupi lenye silabi moja, na silabi hiyo hugonga palepale ngoma inapogonga. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiulazimisha mstari uishe juu ya pigo la ngoma namna hiyo, utamsikia mwimbaji akitamka safaRI, manaNE, kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Kijana aliandika hivi:

Lori limelala Mau Summit usiku wa manane,
mwezi peke yake unaendelea na safari.

Tulichofanya ni kuisukuma "na" ya manane na "fa" ya safari ziangukie kwenye pigo la kwanza la baa (kifungu cha mapigo manne), kisha silabi ya mwisho idondoke kwenye pigo la tatu na kuachwa ife yenyewe. Mdondoko huo unaacha nafasi ya karibu baa nzima tupu. Nafasi hiyo usiijaze kwa maneno, kwa sababu ndiyo kiti cha gitaa la stili.

Hatua ya 3: Ngoma, besi, gitaa la mdundo

Rekodi. Ngoma ziwe kavu, besi icheze noti mbili kwa baa, mzizi na ya tano. Gitaa lisilo la umeme lipigwe moja kwa moja kwenye maikrofoni, kwenye maungio ya shingo na tumbo, si mbele ya tundu. Usiweke rivebu (mvumo kama wa chumba kikubwa).

Natumia Reaper na sitaki kusikia programu nyingine. Ni nyepesi, inafanya kazi kwenye kompyuta yangu iliyochakaa, na leseni yake haihitaji mkopo wa chama.

Hatua ya 4: Stili bila stili

Hapa ndipo palipotutoa jasho, kwa hiyo kaa chini.

Gitaa la stili lenye pedali hulazwa kama meza. Mchezaji hushika kipande cha chuma mkono wa kushoto, na miguu na magoti hubonyeza pedali na vibano vinavyobadilisha uzi mmoja au mbili wakati nyingine zimetulia. Kwenye mpangilio unaoitwa E9, ambao ndio wa Nashville, pedali ya kwanza hupandisha B iwe C kali (C#), ya pili hupandisha G kali iwe A. Ukizibonyeza zote mbili kodi ya E inageuka A bila mkono kusogea. Masikio yanachopenda ni hicho: noti moja inateleza huku jirani zake zimekaa kimya.

Ndiyo maana ushauri wa "tumia slaidi" hausaidii. Kijana alikuja na soketi ya spana ya baba yake, akaivaa kidoleni, na ikalia vizuri tu, lakini ililia kama bluzi. Soketi inasogeza nyuzi zote pamoja. Tunachohitaji ni moja isogee na nyingine zibaki.

Clarence White aliyekuwa Byrds alilitatua hilo akiwa na Gene Parsons (hana undugu na Gram) kwa kutengeneza mtambo ndani ya gitaa la Telecaster: ukilivuta gitaa chini, mkanda wa begani unapandisha uzi wa pili kwa toni nzima. Ni kifaa kizuri na cha bei. Sisi tutatumia kidole.

Mkao wenyewe katika D:

Kidole kidogo kilale kwenye freti ya 10, kikibana uzi wa kwanza na wa pili pamoja. Hizo ni D na A. Kidole cha kati kiwe uzi wa tatu, freti ya 9, ambayo ni E, na cha shahada kikae nyuma yake kwenye uzi huo huo kuongeza nguvu. Piga nyuzi zote tatu, kisha sukuma ule wa tatu kwenda juu, upande wa nyuzi nene, mpaka E ifike F kali. Umepata kodi kamili ya D, na imefika kwa kuteleza. Usiuvute kwenda chini, utagonga uzi wa pili na kuunyamazisha.

Kwa G, sogeza mkao huo huo mpaka freti ya 14 na 15. Kwa A, shuka freti ya 4 na 5. Basi, umemaliza kodi zote za ubeti.

Rahisi kwenye karatasi. Tulipoanza kurekodi, kila nilipokunja uzi wa tatu kodi nzima ilisikika imelewa. Si noti niliyoikunja, hiyo ilikuwa inafika vizuri. Zile mbili nilizokuwa nimezishika bila kuzigusa zilikuwa zinashuka. Nikabadilisha nyuzi. Nikanunua nyingine tena, nyembamba zaidi. Nikamlaumu kijana kwamba tyuna ya simu yake ni mbovu. Nikapaka risasi ya penseli kwenye mifereji ya nati pale juu ya shingo. Jumamosi nzima, na Jumapili mpaka jua likazama.

Gitaa langu lina umbo la Stratocaster, lilitengenezwa na kampuni nyingine. Shida haikuwa ya kampuni, ni ya umbile lenyewe. Briji yake, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye tumbo la gitaa, haikufungwa kwenye mbao, inaelea. Upande mmoja nyuzi zinaivuta kuelekea shingoni, upande wa pili springi zilizo mgongoni mwa gitaa zinaivuta kinyume, na inakaa mahali nguvu hizo zinapolingana. Ukiukunja uzi mmoja, mvuto wa nyuzi unaongezeka, briji inainuka kidogo kuelekea shingoni, na nyuzi nyingine zote zinalegea. Kadiri unavyokunja kwa usahihi ndivyo unavyozilegeza nyingine. Hakuna kidole kinachoweza kushindana na hilo.

Kama una Telecaster au gitaa lolote lenye briji iliyokazwa kwenye mbao, huna tatizo hili, ruka chini. Kama linaelea, fanya moja kati ya haya mawili.

Njia ya kwanza ni kuilaza briji. Fungua kifuniko cha plastiki mgongoni. Utaona skrubu mbili ndefu zinazoshika bamba la springi. Legeza nyuzi kwanza, kisha kaza skrubu hizo zamu kwa zamu, na kama gitaa lina springi tatu ongeza ziwe tano. Tyuni. Angalia: sahani ya briji inapaswa kulala kabisa juu ya mbao, isiache upenyo hata wa karatasi. Kunja uzi wa tatu toni nzima huku umetazama sahani. Ikiinuka, kaza tena. Jua pia kwamba briji ikilala nyuzi zinashuka karibu na freti, kwa hiyo zikianza kuzuzuma inua vile vitandiko vidogo vya nyuzi kwa ufunguo wake, halafu hakiki kwamba noti ya freti ya 12 inalingana na mlio mwembamba unaotoka ukiugusa tu uzi huo huo hapo hapo bila kuubana. Watu wengi husahau hili la mwisho, wanaishia na gitaa lililo sawa chini na potofu juu, na stili yetu yote inachezwa juu.

Njia ya pili ni kabari ya mbao, na hii ndiyo niliyofanya mimi kwa sababu springi za ziada sikuwa nazo. Ndani ya tundu la mgongoni kuna bonge la chuma linaloning'inia kutoka kwenye briji. Nilikwenda kwa fundi seremala anayekaa nyuma ya stendi, akanikatia kipande cha mti mgumu kwa bei ya chai. Nikakiweka kati ya bonge na ukuta wa upande wa shingo. Hakikubadilisha chochote. Nikarudi kwa fundi, akakata kingine kinene zaidi. Hakikubadilisha chochote. Fundi mwenyewe, ambaye hajawahi kushika gitaa, ndiye aliyeuliza: "Mzee, hiki chuma kinakimbilia upande gani ukivuta waya?"

Kinakimbilia upande wa pili. Juu briji inaelekea shingoni, kwa hiyo chini bonge linaelekea kwenye kitako cha gitaa, pale kwenye kifungo cha mkanda. Kabari ikae huko, kati ya bonge na ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimezuia mlango ambao mwizi hapiti.

Na kuna mtego mwingine. Ukishaiweka kabari upande sahihi, usikaze springi, zilegeze kidogo. Springi zinalivuta bonge kuelekea shingoni, yaani mbali na kabari. Ukizikaza, kabari inadondoka katikati ya wimbo na kulia ndani ya gitaa kama njugu. Ukizilegeza, nyuzi ndizo zinazolikandamiza bonge kwenye mbao, na hapo halisogei tena. Ya kwangu ipo mpaka leo. Mkono wa tremolo hauwezi tena kusukumwa chini, lakini kwa muziki huu sijauhitaji hata siku moja.

Nyuzi: seti inayoanzia 9 (unene wa uzi wa kwanza, kwa elfu za inchi). Uzi wa tatu usiwe ule uliozungushiwa waya. Ukiwa na 11 na uzi wa tatu wa kuzungushiwa, tafuta kazi nyingine ya kufanya na vidole vyako.

Jambo la mwisho hapa, la sikio. Ukifika F kali na tyuna ikakuambia umefika katikati kabisa, jaribu kuishusha unywele mmoja. Noti ya tatu ya kodi kubwa ikiwa katika uwiano wake wa asili huwa chini ya ile ya tyuna kwa senti 14 hivi (senti 100 ni nusu toni), na wachezaji wengi wa stili hutyuni noti zao za tatu chini kidogo kwa makusudi. Ndiyo ule utamu usioelezeka. Kijana hakuniamini mpaka nilipozima skrini ya tyuna na kumwambia afumbe macho.

Hatua ya 5: Kuingiza sauti polepole, na mwangwi

Stili halisi huwa haisikiki kidole kikigonga uzi, kwa sababu mguu wa mchezaji uko kwenye pedali ya sauti: anapiga ikiwa imefungwa, kisha anaifungua. Kama huna pedali, tumia kitasa cha sauti cha gitaa. Kwenye umbo la Stratocaster kitasa cha kwanza kiko karibu na kidole kidogo cha mkono wa kulia, ni kama kiliwekwa kwa kazi hii.

Mpangilio ni gitaa, fazi, pedali ya sauti, mwangwi, rivebu. Pedali ikija baada ya mwangwi, ukiifunga unaukata mkia wa mwangwi na uchawi wote unazimika kama stima ya mtaani. Ikija kabla, unafunga gitaa lakini mkia unaendelea kuelea peke yake kwenye ile baa tupu tuliyoiacha.

Ukiamua kufanya hivi ndani ya Reaper kwa kuchora mstari wa sauti, usitumie ule wa fada ya kawaida (kitelezi cha sauti), kwa sababu fada iko baada ya plagini zote, yaani vifaa vya sauti vya ndani ya programu, na utaukata mkia vilevile. Kuna mstari mwingine wa sauti ulio kabla ya plagini. Chora huo.

Muda wa mwangwi haukisiwi. Gawa 60,000 kwa mapigo ya dakika, unapata milisekunde za pigo moja. Kwa 80 ni 750. Nusu pigo ni 375. Robo tatu ya pigo ni 562 na kidogo, na hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu marudio yanaangukia kati ya ngoma badala ya juu yake. Marudio matatu au manne, si zaidi. Kata sauti nyembamba za mwangwi kuanzia 3,000 Hz kwenda juu ili usikike kama mkanda mkuukuu.

Tahadhari kuhusu ule mkunjo: ukipiga E kwa sauti kamili kisha ukakunja kwenda F kali, mwangwi utairudisha E wakati wewe uko F kali tayari, na mbili hizo zinagombana. Mara moja kwenye wimbo inapendeza. Kila mara inachosha. Mahali pengine kote anza kukunja kitasa kikiwa kimefungwa nusu, noti ya kwanza iingie hafifu na ya pili ikiwa imeshiba.

Hatua ya 6: Fazi

Wenye kusema fazi haina haki ya kuingia kwenye kantri wajue ilikotoka. Kwenye Don't Worry ya Marty Robbins, iliyotoka 1961, Grady Martin alikuwa anacheza besi ya nyuzi sita studio ya Nashville, na njia moja ya mitambo ikaharibika katikati. Solo ikatoka inanguruma kama nyuki kwenye debe. Wakaiacha hivyo hivyo. Glenn Snoddy, fundi mitambo wa siku ile, baadaye alitengeneza kifaa cha kuiga ubovu ule, na Gibson wakakiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Hicho ndicho alichokitumia Keith Richards wa Rolling Stones kwenye Satisfaction mwaka 1965. Roki ndiyo iliyoazima. Burrito Brothers walirudisha mali kwa mwenyewe.

Kwenye matumizi, sheria yangu ni moja: fazi ni ya noti moja kwa wakati. Ukipitisha kodi ya noti tatu, zinatafunana na kutoa sauti ya redio iliyokosa stesheni. Kwa hiyo mkao wote wa hatua ya 4 ni wa sauti safi, na fazi inaingia kwenye solo tu, uzi mmoja mmoja, pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) ya shingoni, kitasa cha toni kikiwa karibu na sifuri. Kama fazi yako ni pedali ya mtindo wa zamani, iwe ya kwanza kabisa kutoka kwenye gitaa. Ukiweka pedali nyingine mbele yake, fazi nyingi za aina hiyo hugeuka kuwa kali na nyembamba.

Baada ya fazi tuliongeza plagini inayoiga spika ya Leslie, ile inayozunguka ndani ya kabati. Iweke kwenye mwendo wa polepole muda wote, na wa haraka uwashe kwenye noti ya mwisho ya solo tu. Ule muda wa spika kuchukua kasi ndio raha yenyewe. Feiza, kifaa kinachoifanya sauti iwe kama inapepea, pia inafaa, mwimbaji wa kantri Waylon Jennings aliipenda, lakini feiza na Leslie kwa pamoja hapana.

Hatua ya 7: Gitaa la kinyumenyume

Tengeneza miksi ya haraka, igeuze icheze kutoka mwisho kwenda mwanzo, rekodi gitaa juu yake, kisha geuza gitaa hilo. Cheza noti chache ndefu. Kodi zinakuja kwa mpangilio wa nyuma, kwa hiyo ziandike kwenye karatasi, usijidanganye kwamba utakumbuka. Sekunde kumi za daraja zinatosha.

Hatua ya 8: Sauti ya mwimbaji

Kavu, karibu, katikati. Kijana alitaka mwangwi kila mstari. Nilimkatalia. Msikilizaji anahitaji mtu mmoja ambaye bado yuko ndani ya lori.

Hatua ya 9: Kuchanganya, na kipimo cha simu

Ngoma, besi, gitaa la mdundo na mwimbaji havina mwangwi wala kuzunguka. Stili na solo ndizo zinazopaa. Ukijikuta unaweka kifaa kwenye kitu cha tatu, zima kimoja kati ya viwili vya mwanzo kwanza uone kama bado unakihitaji.

Stili ipeleke kulia kama nusu ya njia, mwangwi wake kushoto. Kwenye hedifoni inapendeza kupita kiasi, na hapo ndipo tulipokaribia kujidhuru mara ya pili. Plagini moja ya bure ya kutanua sauti ilikuwa inafanya kazi yake kwa kugeuza wimbi la upande mmoja. Kijana akaupeleka wimbo kwa babake, dereva, ambaye alikuwa na spika moja tu ya bluetooth kwenye dashibodi. Pande mbili zilipokutana kwenye spika moja, mawimbi yakafutana, na solo ikatoweka. Mzee alisikiliza wimbo mzima, akasema ni mzuri, ila akauliza kwa nini pale katikati wanamuziki wanapumzika.

Kwa hiyo kabla ya kutoa faili, bonyeza kitufe cha mono kwenye chaneli kuu ya Reaper na usikilize kwa spika ya simu. Kitu chochote kikipungua sana, toa plagini ya kutanua na utumie njia mbili tofauti: rekodi solo mara mbili, moja kushoto moja kulia. Hazitafanana kabisa, na kutofanana huko ndiko kunakozifanya zionekane pana bila kufutana. Sisi tulirudia solo Jumapili ya wikendi ya tatu, mara mbili, kabari ikiwa mahali pake. Mzee ameshaisikia.